Bourbon ya mapipa machache: namna ya kuisoma, kuinunua na kuinywa ukiwa Kirumba

Kwanza tuelewane kuhusu neno mwaloni. Kwetu Kirumba, jijini Mwanza, Mwaloni ni soko. Ni pale mitumbwi inapofika alfajiri, dagaa wanapopimwa kwa magunia, na harufu inakupokea kabla hujashuka kwenye daladala. Lakini mwaloni ni mti pia, ule uliomnasa Absalomu kichwa, ambao wengi wetu tumeusoma kwenye Biblia tu. Mapipa ya bourbon, ile wiski ya Marekani, hutengenezwa kwa mbao zake. Grosari yangu iko dakika 6 kwa miguu kutoka Mwaloni ya kwanza, na mwaka wa 11 huu naendelea kujifunza habari za mwaloni wa pili, toti baada ya toti, na hasara baada ya hasara.

Hasara kubwa ndiyo iliyonifunza kusoma lebo. Jamaa wa duka moja la jumla, niliyemwamini kwa bia na soda miaka yote, aliniletea mizinga miwili ya bourbon kwa bei ambayo ilipaswa kunishtua. Badala yake ilinifurahisha. Jumamosi ile akaingia Injinia, mteja wangu wa migodini Geita, ambaye akija Mwanza hukaa kiti kilekile cha pembeni. Nikamfungulia kwa mbwembwe. Akanusa, akaiweka glasi chini, akanisogezea polepole kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

"Mama Kulwa, hii siyo yenyewe."

Nikanusa na mimi. Spiriti ya kusafishia kidonda, ikisindikizwa na sukari guru. Mizinga yote miwili niliimwaga kwenye karo, na duka lile sinunui tena hata kibiriti.

Kwa hiyo anza na stempu ya kodi, kabla hata hujafikiria kunusa. Pombe kali inayouzwa kihalali hapa nchini hubandikwa stempu ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato, na programu ya Hakiki Stempu kwenye simu inaisoma. Ikigoma, rudisha chupa papo hapo, usione haya. Kisha geuza shingo ya chupa kwenye mwanga: kifuniko kisiwe kimechezewa, lebo isiwe na gundi iliyofura pembeni, na kimo cha kinywaji kwenye chupa mbili za aina moja kilingane. Wala usijidanganye kwamba ulimi wako utakuokoa. Methanoli, ile sumu ya kwenye pombe chafu, haina rangi, mnywaji hawezi kuitofautisha, na ule mchezo wa kuwasha kijiko na kuangalia rangi ya moto hauthibitishi kitu. Bibi yangu aliuamini sana. Nitamfikia.

Maneno ya kwenye lebo, yenye uzito na yasiyo na uzito

Bourbon ni wiski ya Marekani, na masharti yake ni makali. Mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka zote. Ikitoka kwenye mtambo isizidi asilimia 80 ya kilevi, ikiingia kwenye pipa isizidi 62.5, ikitiwa kwenye chupa isipungue 40. Hairuhusiwi kuongezewa rangi wala ladha. Wekundu ule wote unatoka kwenye pipa, na pipa lenyewe lazima liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa moto ndani mpaka likawa mkaa. Likishatumika mara moja, halitumiki tena kwa bourbon. Huuzwa kwa wengine, na mengi huishia Scotland. Sharti la kutoka jimbo la Kentucky halipo, ingawa nyingi hutoka huko.

Kuhusu pipa, niliwahi kumweleza fundi mmoja wa mitumbwi anayekuja kwangu jioni mikono ikinuka lami. Nilimwambia vibao vya pipa havina gundi wala misumari: vinapindwa kwa joto, vinakazwa kwa pete za chuma, na kinywaji chenyewe kikiingia mbao zinafura na kuziba. Alicheka. "Basi hilo ni mtumbwi uliogeuzwa matumbo nje. Sisi tunazuia maji yasiingie, wao wanazuia yasitoke." Tangu siku hiyo sijapata maelezo bora zaidi. Na hawafaulu kabisa kuyazuia, maana kila mwaka asilimia kadhaa ya kinywaji hupotea hewani kupitia mbao. Wenyewe huiita sehemu ya malaika.

Sasa yale maneno mawili yanayopandisha bei: "small batch". Maana yake ni kwamba wamechanganya mapipa machache kwa mkupuo badala ya mamia kwa mamia. Machache ni mangapi? Sheria ya Marekani haitaji idadi. Mmoja atachanganya mapipa 20, mwingine 200, na wote wataandika vilevile. Siyo uongo, ila ni kama muuza sato anayekuapia kwamba samaki ni wa leo asubuhi. Asubuhi ya saa ngapi?

Hata hivyo kuchagua mapipa ni kazi ya kweli. Maghala ya Kentucky yana ghorofa kadhaa. Juu kuna joto kali wakati wa kiangazi, kinywaji kinasukumwa ndani ya mbao. Baridi ikija kinarudi na rangi na utamu wake. Chini mambo huenda taratibu. Mapipa mawili yaliyojazwa siku moja, kwa nafaka ileile, yanaweza kukomaa kama pacha wasiofanana, na mimi mwenye Kulwa na Doto najua ninachosema. Mwenye kiwanda akichanganya mapipa mengi mno, tofauti hizo humezwa. Akichanganya machache aliyoyaonja mwenyewe, unapata kitu chenye sura yake.

Yapo maneno mengine ambayo sheria inayasimamia, na hayo ndiyo ya kuyatafuta. Ukiona "straight", imelala kwenye pipa angalau miaka 2. Kama haijafika miaka 4, umri lazima uandikwe. Kwa hiyo "straight" isiyo na umri wowote ina miaka 4 kwenda juu, na umri ukiandikwa ni wa kinywaji kichanga kuliko vyote kwenye mchanganyiko. Ukiona "bottled in bond", shika. Hiyo inatoka kwenye sheria ya mwaka 1897, wakati wachuuzi wa Marekani walikuwa wakichakachua wiski kwa maji, rangi na hata tumbaku. Masharti yake: mpikaji mmoja, kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka isiyopungua 4 kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na kilevi asilimia 50 kamili. Yaani na wao walishauziwa spiriti na sukari guru, wakachoka.

Mwisho wa lebo soma maandishi madogo ya nyuma. "Distilled by" maana yake huyo ndiye aliyepika. "Produced by" au "bottled by" inaweza kuwa amenunua mapipa ya mwenzake akayatia kwenye chupa zake. Hakuna ubaya, wapo wanaojua kununua. Ubaya ni pale mbele pana picha ya babu mwenye ndevu na shamba, halafu nyuma wametaja jimbo jingine kabisa.

Habari za ukoo

Chupa nyingi za aina hii zinauzwa kwa hadithi ya ukoo, na hapa ndipo wateja wangu hulegea. Namna ninayowafundisha ni kuuliza maswali mawili: nani alimfundisha nani kazi, na nani anamiliki leo? Mara nyingi majibu yako sehemu mbili tofauti.

Chukua ukoo wa Beam. Jacob Beam, wa asili ya Kijerumani, anahesabiwa kuanza kuuza wiski Kentucky mwaka 1795. Kazi ikashuka kwa wanawe na wajukuu mpaka pombe ilipopigwa marufuku Marekani nzima, kuanzia 1920 hadi 1933. Marufuku ilipoondolewa, mjukuu wa mwana wa Jacob, James Beam, alikuwa na umri ambao watu wa kwetu wangemwambia akae chini ya mwembe apumzike. Akajenga kiwanda upya. Kinachosimuliwa zaidi kumhusu ni chachu yake: hakuiamini kulala kiwandani, kila Ijumaa aliibeba kwenye mtungi na kurudi nayo nyumbani kwa gari, kiwanda kikiungua au kikiibiwa mbegu isipotee. Mjukuu wake, Booker Noe, ndiye aliyetoa mwaka 1988 bourbon yenye jina lake, isiyopunguzwa kwa maji wala kuchujwa sana, na mwaka 1992 kampuni ikatoa kundi zima la chupa nne kwa jina hilo la mapipa machache. Ndipo neno likaenea. Mwanawe Fred na mjukuu wake Freddie wako kwenye kazi hiyohiyo. Lakini swali la pili: kampuni yenyewe ilinunuliwa na Suntory ya Japani mwaka 2014. Mikono ya ukoo, mfuko wa wengine.

Heaven Hill ni kinyume chake cha kufurahisha. Fedha ni za ukoo wa Shapira tangu 1935 mpaka leo, ila wapishi wake kwa vizazi walikuwa akina Beam, binamu za hao wa kwanza.

Mimi ninayempenda ni Margie Samuels. Mumewe Bill alianza kupika Maker's Mark miaka ya 1950, akitumia ngano badala ya rai, nafaka nyingine jamii ya ngano, pamoja na mahindi yake. Jina la kinywaji, umbo la chupa na ile nta nyekundu inayochuruzika shingoni ni vya Margie, na majaribio ya nta aliyafanya jikoni kwake. Kwa hiyo ukisikia "urithi wa baba kwa mwana", uliza mama alikuwa wapi.

Na uliza pia nani hakuandikwa. Jack Daniel, ambaye wiski yake inaitwa ya Tennessee na siyo bourbon, alifundishwa kupika na Nathan Green, aliyejulikana kama Nearest, Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Baada ya uhuru wake akawa mpikaji mkuu wa kwanza wa Daniel. Watoto na wajukuu zake walifanya kazi pale vizazi na vizazi, ila jina lake limejulikana kwa wanywaji wengi miaka ya karibuni tu.

Nilipomsoma Nearest nilimkumbuka bibi yangu wa Ukerewe. Naye alipika. Nyuma ya nyumba, mihogo na kimea cha ulezi, moto wa kuni, na bomba lililopita kwenye maji baridi ya ziwa. Sitaeleza zaidi ya hapo, maana gongo imekatazwa kwa sheria, na kule kijijini wapo waliopoteza macho kwa mpiko wa mtu mwenye haraka. Yeye mwenyewe alitozwa faini mara 2, ya pili ikamla mbuzi wote. Nachotaka kusema ni kuhusu kibuyu chake. Kila mpiko ukiisha alibakiza machicha kidogo, akayaficha chini ya kitanda, na mpiko mpya ulianza kwa machicha ya zamani. Hakuruhusu mtu akiguse. Tulidhani ni uchawi.

Kentucky wanafanya hivyohivyo na wanaandika kwenye lebo kwa fahari: "sour mash", yaani sehemu ya machicha ya mpiko uliopita inarudishwa kwenye mpya ili uchachu uwe uleule na vijidudu vibaya visipate nafasi. James Beam na mtungi wake garini, bibi na kibuyu chake chini ya kitanda. Tofauti ni vipimo, sheria, na yule mti wa mwaloni. Bibi alikuwa akiuza moto wa jana, wenzake wakiuza moto wa miaka 7 iliyopita.

Kuinywa

Mimina toti moja, mililita 30, kwenye glasi ndogo ya waini yenye mdomo mwembamba. Glasi pana ya juisi inapoteza harufu. Usiinywe. Iache dakika 10, piga umbea. Kilevi kikali cha juu kitapungua, na kilicho chini kitajitokeza.

Kisha nusa ukiwa umeacha mdomo wazi kidogo, pua isizame ndani ya glasi. Wataalamu watakuambia habari za matunda ya kwao. Wewe tafuta ya kwako. Mimi hupata sukari inayoungua ya kupikia kashata, vanila kama ile inayolimwa Bukoba, mahindi ya kuchoma pale yanapoanza kuwa meusi, na mbao mpya ya seremala. Ikiwa na rai nyingi itakuwasha kama pilipili manga na karafuu. Ikiwa ya ngano itakuwa laini, ya mkate. Fundi wangu wa mitumbwi, bila kufundishwa, alisema tu: "Hii mbao imepitia moto." Alikuwa amemaliza somo.

Onja kidogo sana, zungusha mdomoni, meza. Onjo la kwanza litakuunguza, halihesabiki. La pili ndilo lenye habari.

Sasa maji. Chupa yenye asilimia 50 au zaidi haidhalilishwi kwa maji, inafunguliwa. Tia matone, nusa tena, utakuta harufu mpya. Tumia maji ya chupa, au yaliyochemshwa na kuachwa wazi usiku, kwa sababu ya bomba yana harufu ya dawa na dawa hiyo itashinda kila kitu. Barafu ndiyo mtihani mkubwa zaidi Mwanza. Friza nyingi za hapa zimelala na sangara. Barafu yake ukiitia kwenye wiski ya miaka 9 unapata mchuzi. Nimeliona kwa macho yangu kwenye sherehe ya watu wenye hela. Nunua barafu ya pakiti, au tenga chombo chenye mfuniko unaobana. Na ile barafu ya mabonge ya kule sokoni ni ya samaki, usije ukaivunja kwa ajili ya wageni.

Soda nyeusi? Sitakunyima, pesa ni yako. Ila tumia bourbon ya kawaida, usichukue ya mapipa machache ukaifunika kwa sukari. Kama unataka tamu, koroga kijiko kimoja cha asali na maji ya moto kidogo, kamua ndimu nusu, tia toti mbili na barafu, tikisa kwenye chupa safi yenye mfuniko. Hiyo nimeiuza hadi kwa akina mama wa kikoba ambao walikuja kunywa maji.

Cha kutafuna: watu hukimbilia nyama choma, nayo ni sawa. Mimi nashikilia matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, vigumu, vyenye utamu wa moshi kwa mbali, pamoja na karanga za chumvi. Injinia alidhani namtania. Sasa akija hutaka kwanza matobolwa, halafu ndiyo anauliza kuna chupa gani. Dagaa wa kukaanga wenye ndimu usijaribu, vinagombana.

Na toti mbili, tatu, kwa jioni moja zinatosha. Hii siyo bia. Mwenye pikipiki nje huwa namwekea funguo kwenye droo yangu kabla ya toti ya kwanza, tukiwa bado tunaelewana.

Kuitunza, na chupa tupu

Chupa isimame, isilazwe kama waini. Kilevi kikikaa kwenye kizibo muda mrefu kinakila. Iwe gizani. Rafu yangu ya kwanza ilikuwa dirisha la upande wa ziwa, na jua la jioni liliichovya chupa yangu nzuri kila siku mpaka ikapoa ladha, nikajifunza. Chupa iliyofunguliwa haiharibiki kama maziwa, lakini ikibaki chini ya nusu hewa huanza kuidhoofisha. Imalize ndani ya miezi michache, au ihamishie kwenye chupa ndogo safi ya kioo, ijae. Mimi nahifadhi mabapa kwa kazi hiyo, na nayaandika kwa kalamu yametoka wapi.

Kwa anayetaka kuuza kwa toti: mzinga wa mililita 700 unatoa toti 23, wa 750 unatoa 25. Toa moja ya kuonjesha na moja itakayomwagika, kisha piga hesabu ya bei. Usimimine kwa jicho. Jicho la saa 4 usiku lina huruma.

Limebaki la chupa tupu. Kuna kijana hupita na kiroba kukusanya chupa. Kwa za bia hutoa bei ya kawaida, lakini zile za bourbon, hasa zenye nta au kizibo cha mbao, alikuwa akinipa mara kadhaa ya bei hiyo na kuniomba nisikwaruze lebo. Miaka miwili nilimuuzia, nikijiona mjanja. Siku ya mizinga ile miwili, nikiwa bado nimesimama kwenye karo, niliigeuza moja nikaona chini ya lebo alama ya kalamu nyekundu. Ni mimi huweka alama hiyo, ninapofungua chupa, ili nijue tarehe.

Sasa kuna nyundo chini ya kaunta. Chupa ikiisha naifunga kwenye kitambaa, nagonga shingo, vipande vinaenda kwenye ndoo yenye mfuniko. Kijana bado anapita kila Jumatatu na kuuliza kama kuna zile za nta. Namwambia zimepasuka.